Wanafunzi wanaijua tashihisi kwa jina, kinu hawakioni: nilivyobadilisha ufundishaji wa ushairi kidato cha tatu

#1 Mwalimu Chaki

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, shule ya kata huku Morogoro, ndani ndani, ambako bodaboda ikikuacha unamalizia kwa miguu. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Mwaka huu nimebadilisha ninavyofundisha ushairi, kuna yaliyonishangaza na kuna yaliyonitia aibu, nikaona niyalete hapa tuyajadili.

Miaka minane yote nilifundisha kama nilivyofundishwa. Naingia, naandika ubaoni FANI na MAUDHUI, napiga mstari katikati. Huku muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Kule dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa. Halafu tamathali za semi, zinashuka ubaoni kama bei za dukani: tashibiha, sitiari, tashihisi, mubaalagha, tafsida, kejeli. Kila moja na maana yake na mfano wake mmoja; tashihisi, kwa mfano, ni kukipa kitu sifa za mtu. Wananakili, wanakariri, siku ya mtihani wanatapika.

Kilichoniamsha ni jibu moja nililolisahihisha mwaka jana: "Mshairi ametumia tashihisi, mfano ubeti wa 2 mshororo wa 3. Hii imesaidia kupamba lugha." Nikampa alama zake. Karatasi iliyofuata, kupamba lugha. Iliyofuata, kupamba lugha. Zaidi ya nusu ya darasa lugha ilikuwa imepambwa kama ukumbi wa harusi, na hakuna aliyejua bibi harusi ni nani. Nikaenda kuangalia daftari la mwanafunzi mmoja ili nijue wameitoa wapi. Wameitoa kwangu. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, mwezi wa tatu.

Basi mwaka huu nikapiga marufuku. Wiki tatu za kwanza za ushairi, hakuna kutaja tashibiha wala sitiari wala jina lolote la tamathali. Atakayelitaja anafuta ubao wiki nzima.

Siku ya kwanza niliingia bila chaki. Nikasema, "Kitendawili!" Darasa zima, hata wale wa nyuma wanaolala, "Tega!" Nikatega nyumba isiyo na mlango. Yai, hiyo wote wanaijua. Nikawauliza: sawa, ni yai, lakini kwa nini aliyetunga alisema nyumba? Mbona hakusema debe, nalo halina mlango? Kimya. Kisha binti mmoja akasema, "Kwa sababu ndani kuna mtu anaishi." Hapo nikajua siwafundishi kitu kigeni. Mtoto aliyekulia kwenye vitendawili anazo sitiari kichwani tangu hajaota meno ya mbele, ila hakuna aliyemwambia kwamba ndizo hizo.

Tulitega siku mbili. Aliyeshindwa alitoa mji kama ilivyo desturi, na mji ukishatolewa aliyetega lazima aeleze fumbo lake, kwa nini kitu hiki na si kile.

Wiki ya pili nikaleta shairi. Kitabu darasani ni kimoja, changu, na mashairi yaliyomo wanafunzi wameshayapata yakiwa yametafunwa kwenye madesa, yaani notisi za kunakiliwa, ya kaka zao. Nikaamua nitunge ubeti mmoja mwenyewe, ili pasiwe na desa la kukimbilia. Msinicheke, mimi si malenga:

*Kila siku napigika, mchi hauna huruma,*
*Unga ukishapatika, mbali wananisukuma,*
*Uani nimetupika, kwa ubavu naegama,*
*Kesho wakinikumbuka, ni njaa imewauma.*

Sikuuliza dhamira. Niliuliza: nani anasema? Kinu. Mmesoma wapi neno kinu? Hakuna, halimo. Mmejuaje? Mchi, unga, kulala uani kwa ubavu. Hapo tayari wamefanya uchambuzi na hawajui kama wameufanya.

Kisha nikawapa mchezo wa kubadilisha. Tuondoe kinu, tuweke sufuria. Nini kitaharibika? Wakasema sufuria inaungua lakini haipigwi, na ikiisha kazi inaoshwa inarudishwa ndani, haitupwi uani. Tuweke ngoma je? Mabishano yakaanza, maana ngoma nayo hupigwa, nayo huachwa baada ya kazi. Mvulana mmoja wa ngoma za jando, mjuzi wa mambo hayo, akasimama: "Ngoma ikipigwa watu wanaiangalia. Wanaisifu. Kinu kikipigwa watu wanaangalia unga." Jamani. Nilikaa chini. Miaka minane nimesema "sitiari ni ulinganishi wa moja kwa moja" na sijawahi kupata sentensi kama hiyo.

Halafu kinu ni nani? Mkulima, wakasema, anayekumbukwa msimu wa mavuno. Mpiga kura, darasa likacheka. Binti mmoja akasema polepole, "Ni dada wa kazi." Kuna mmoja alisema ni mwalimu, nikamshukuru.

Sasa sikilizeni hili. Nyuma kabisa kuna kijana, tumwite Kijana wa Dirishani, hasemi mwaka mzima. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hilo shairi lina uongo. Kinu hakilazwi uani kwa sababu kimetupwa. Kinalazwa kwa ubavu ili maji ya mvua yasituame ndani, kikituamisha maji kinapasuka. Na kuku wasichafue. Bibi hukilaza kwa sababu anakitunza."

Wakuu, mimi nimekua mjini. Kinu nimekiona, kukitumia sijakitumia. Nilitunga ubeti ule kwa kukiona kimelala nikadhani kimetelekezwa. Darasa likanigeukia mimi. Nikamuuliza, basi tufute mshororo wa tatu? Akafikiri, akasema: "Hapana. Labda kinu chenyewe hakijui. Kinadhani kimetupwa."

Kengele ikalia na sikuwa na la kuongeza.

Swali langu ni hili. Mtihani wa taifa hauulizi "kwa nini si ngoma". Unauliza fani na maudhui, kwa majina yake. Je, nawapotezea muda watoto hawa? Walimu wenzangu shuleni wameanza kuninong'ona kwamba silabasi haitaisha.

---

#2 Kalamu Nyekundu

Mwalimu, uzi mzuri, lakini naomba nikumwagie maji ya baridi kidogo.

Nimesahihisha mitihani ya majaribio ya wilaya mara kadhaa. Msahihishaji ana mabunda mbele yake na mwongozo pembeni. Mwanafunzi akiandika kurasa mbili nzuri kuhusu kinu na ngoma bila kutaja neno tashihisi, mimi nimpe alama wapi? Mwongozo unataka hoja, mfano, maelezo. Jina ndiyo ndoano ya kutundikia hoja. Usipompa mtoto ndoano, nguo zake zote ziko sakafuni.

Marufuku ya wiki tatu sawa. Ila ukiifanya ya muhula mzima utakuja kulia.

---

#3 Mtoto wa HKL

Shikamooni walimu. Mimi niko kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Naomba niseme upande wetu.

Kalamu Nyekundu, hiyo ndoano tunayo tele. Tatizo nguo hatuna. Kila shairi nikilifungua najua pa kuanzia: naanza kuwinda. Natafuta "kama", nikiipata naandika tashibiha. Natafuta neno linalojirudia, naandika takriri. Naweza kuchambua shairi zima bila kulisoma, na nimefanya hivyo, na nimepata alama nzuri. Mwalimu Chaki ungenifundisha wewe kidato cha tatu labda ningekuwa nalipenda somo lenyewe, siyo alama zake tu.

Swali dogo: "kama" ikiwa si ya kulinganisha nayo nikaiita tashibiha, mtaona? Maana kuna mtu darasani kwetu aliandika "kama utakuja" ni tashibiha 😂

---

#4 Kalamu Nyekundu

Tunaona, mwanangu. Tunaona na tunacheka peke yetu usiku.

---

#5 Mwalimu wa Voi

Salaam kutoka Taita. Huku kwetu Kenya, karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ile ya fasihi, ushairi una swali lake la alama 20, na humo kuna sehemu inayonitesa kuliko tamathali zote: "Andika ubeti wa nne kwa lugha ya nathari", yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi.

Ukitaka kujua kama mtoto ameelewa shairi, mpe hiyo. Wengi huchukua ubeti, wakapanga maneno yale yale upya, wakaondoa vina, wakaita nathari. Ubeti wako wa kinu wangeuandika hivi: "Kila siku ninapigwa na mchi ambao hauna huruma. Unga ukipatikana wananisukuma mbali." Hapo mtoto amevunja nyumba akapanga matofali yale yale chini. Wengine huruka upande wa pili, wakaandika "wakulima wananyanyaswa na serikali", kinu chenyewe kikapotea. Mimi huwaambia waandike kana kwamba wanamsimulia nyanya ambaye hakulisikia shairi: lazima aelewe kilichosemwa, na nani analalamika, na kwa sauti ya namna gani, uchungu au kejeli au kukata tamaa.

Halafu tuna swali la uhuru wa mshairi. Nimeona umeandika "ukishapatika" badala ya "ukishapatikana". Wanafunzi wangu wangekurukia: inkisari! Neno limefupishwa ili kutosheleza mizani, yaani idadi ya silabi, na kina. Na "nimetupika" badala ya "nimetupwa", hapo limerefushwa. Ila ndiyo hayo hayo, wanalitaja jina na kukimbia. Mimi nauliza, je, amefupisha au kurefusha kwa sababu alitaka au kwa sababu alikwama?

---

#6 Mwalimu Chaki

Mwalimu wa Voi, nilikwama. Nakiri mbele ya umma.

---

#7 Mzee wa Pangani

Nimewasoma wote. Nina jambo moja, nalo ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Mwalimu, ubeti wako uliusoma au uliuimba?

Nauliza kwa sababu katika maelezo yako yote marefu sijaona mtu akifungua mdomo. Mmetazama ubao. Shairi la Kiswahili halikuzaliwa litazamwe. Sisi tumekua tunasikia tenzi zikisomwa kwa sauti yake, kila bahari, yaani kila aina ya shairi, na mahadhi yake, na mtoto asiyejua kusoma alijua pa kupumzika na pa kuendelea. Mizani hatukuihesabu kwa vidole. Mshororo ukizidi, ulimi unajikwaa, basi unajua.

Mwana Kupona alipomtungia bintiye ule utenzi mwaka 1858 hakuwa na kitabu cha kanuni. Sheikh Amri Abedi alizichapisha sheria za kutunga mwaka 1954, karibu karne nzima baadaye, na aliziandika kwa kusikiliza yaliyokuwapo. Sikio lilitangulia. Ninyi mnamwanzishia mtoto kwenye sheria, mnashangaa hana sikio.

*Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiyati, asa ukazingatia.* Jaribuni kuusema huo kimyakimya. Hausemeki. Hilo "negema", nikaribie, linataka sauti ya mama anayemvuta mtoto kando ya kitanda, maana aliutunga akiwa mgonjwa. Hapo utamuuliza mwanafunzi: kwa nini anamwita karibu kwanza, kabla ya wasia? Hakuna tamathali hapo ya kuwinda. Kuna mama tu.

Na ubeti wako, samahani, "patika" ni ya kujaza kibaba. Malenga angezunguka njia nyingine.

---

#8 Mwalimu Chaki

Mzee, shikamoo. Umenipiga pabaya, maana ni kweli sikuimba. Sauti yangu ni ya kufukuza ndege shambani.

Lakini nimelichukua. Nitajaribu wiki ijayo nirudi na majibu.

---

#9 Mwalimu wa Voi

Mzee wa Pangani amenikumbusha kitu. Kipande cha kwanza cha mshororo sisi tunakiita ukwapi, cha pili utao. Wanafunzi huyasahau majina hayo kabla chaki haijakauka. Sasa mwenzetu ana shairi la kinu! Watu wawili wanaotwanga kinu kimoja hupokezana: mmoja akishusha mwingine anainua. Ukwapi, utao. Ukwapi, utao. Mmoja akichelewa michi inagongana. Waweke wanafunzi wawili wawili wapige dawati, mmoja nane, mwenzake nane.

---

#10 Mwalimu wa Kiingereza Kigumu

Naingilia kutoka pembeni. Nafundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano, Dodoma. Kilichosemwa na yule Kijana wa Dirishani kuhusu kinu kimenigusa kwa sababu kwangu ndiyo kilio cha kila siku.

Kuna lile shairi la Shakespeare la mistari 14, lilichapwa 1609, linaloanza kwa kuuliza kama amfananishe mpenzi wake na siku ya kiangazi. Nilisoma mstari ule, nikageuka, naona sura zimekunjamana. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo mpenzi amemkosea nini?"

Kiangazi cha Dodoma mnakijua. Vumbi, upepo, ng'ombe wamekonda, nyasi zimekuwa rangi ya barabara. Kumwita mtu siku ya kiangazi ni kumwapiza. Miaka yote nilikuwa nawaambia "kiangazi ni ishara ya uzuri, andikeni", wakaandika. Hawakuelewa hata chembe, walinitii tu. Sasa naanza na Uingereza yenyewe: giza la saa kumi jioni, baridi miezi na miezi, kisha siku chache za jua watu wanatoka kulala kwenye majani kama mijusi. Hapo wanacheka, wanasema, kumbe. Halafu nawapa kazi: mshairi huyo angezaliwa Dodoma angeandika nini? Nusu ya darasa wakaandika siku ya mvua ya kwanza. Mmoja akaandika kivuli cha mbuyu saa saba mchana.

Kwa hiyo, Mwalimu Chaki, silabasi ikikubana kata kingine chochote, ila dakika tano za "kitu hiki chenyewe kikoje" usizikate. Sitiari haiwezi kusimama juu ya kitu ambacho msomaji hakijui.

---

#11 Kalamu Nyekundu

Naona nimebaki peke yangu upande wa mwongozo. Sawa, nipo.

Ila niulize: mnafanyaje na muktadha? Chukua mashairi ya Abdilatif Abdalla, yale ya Sauti ya Dhiki, yaliyotoka 1973. Kayatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, kwa sababu ya kijitabu cha siasa. Kuna shairi la mamba mle. Nikiwaambia wanafunzi kwanza kwamba mtunzi alikuwa mfungwa wa kisiasa, wote wanaandika "mamba ni serikali" na kalamu chini. Nisipowaambia, wanaandika kuhusu utunzaji wa wanyamapori. Nimewahi kusahihisha hilo, sitanii.

---

#12 Mwalimu wa Voi

Kalamu, hilo nimelifundisha. Mimi huficha jina na mwaka. Siku ya kwanza tunaongea mamba tu: anakaa wapi, anamla nani, ana nguvu wapi, hana nguvu wapi. Wa Mto Voi hawana mamba wengi lakini wa Tana wanatusimulia. Wanatambua haraka kwamba mamba ana enzi majini, na kwamba ana kiburi, na kwamba mtunzi anamwonya kuwa siku yake ipo. Mtunzi mwenyewe mwanzoni anasema anafumba, wenye uwezo wafumbue, kwa hiyo ruhusa tunayo.

Siku ya pili ndipo nawaambia aliandikia wapi, na kwamba karatasi yenyewe ilikuwa ya msalani, ikitoroshwa nje. Darasa hunyamaza. Wanarudi kusoma tena bila kuambiwa. Ukitanguliza gereza, mamba anakufa. Ukilichelewesha, mamba anakua.

---

#13 Mtoto wa HKL

Walimu na mashairi huru je? Yale yasiyo na vina. Mwalimu wetu anasema tuandike "mtindo: wa kisasa, hayafuati urari wa vina na mizani" basi tumemaliza mtindo.

---

#14 Mzee wa Pangani

Hayo mimi siyaiti mashairi. Vita hivyo tulivipigana miaka ya sabini, tangu Kezilahabi alipoitoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, na sikusudii kuvifufua kwenye uzi wa kinu.

---

#15 Mwalimu wa Kiingereza Kigumu

Mzee 😂

Mtoto, jibu fupi: mshairi asiyefungwa na mizani amechagua mwenyewe pa kukata mstari. Kwa hiyo muulize kwa nini amekata pale. Andika mstari mmoja mrefu bila kukata, kisha ukate palipokatwa, uone kilichoongezeka. Hiyo peke yake ni ukurasa wa majibu.

---

#16 Mwalimu Chaki

Nimerudi, wakuu. Wiki mbili zimepita.

Kwanza madawati. Niliwapanga wawili wawili kama alivyosema Mwalimu wa Voi. Fujo, mwalimu mkuu alikuja mlangoni kuangalia kuna nini, akaondoka bila kusema kitu, sijui kama ni vizuri au vibaya. Walipopiga mara ya tatu wakapata mwendo. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, mbona hapa kwenye 'mchi hauna huruma' inakuwa kama tunatwanga kweli?" Nikamwambia hesabu. Nane, nane. "Mchi" ni mbili, m na chi. Hakuna aliyekosea kuhesabu tena tangu siku hiyo, na miaka yote hilo la "m" kusimama peke yake lilikuwa linawashinda.

Kuimba, Mzee, aliimba binti mmoja wa kwaya. Alilipa mahadhi ya msiba. Mwingine akasema hapana, kinu hakilii, kinasuta, akaliimba kama taarabu, mkono kiunoni. Maneno yale yale, mizani ile ile, na darasa likagawanyika nani yuko sahihi. Nikawaambia waandike wanavyoona, kila mmoja athibitishe kwa neno lililomo. Wa msiba walishika "naegama". Wa kusuta walishika mshororo wa mwisho wote. Hapo ndipo nilipoyatoa majina. Nikasema, hiki mlichokuwa mnakifanya wiki tatu, cha kumpa kinu mdomo na moyo, kinaitwa tashihisi. "Aah," wakasema, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani aliyekuwa akisalimiana naye kila siku.

Kalamu Nyekundu, ili usinilaumu, nikawapa swali la mtindo wa mtihani na muda wa mtihani. Sitasema wote wamefaulu. Kuna kundi bado linapamba lugha. Kuna wawili waliandika vizuri sana na wakasahau kabisa kutaja jina la tamathali, kama ulivyoonya, na nimewakata alama ili wazoee. Lakini soma hili, neno kwa neno: "Mshairi ametumia tashihisi kwa kukipa kinu uwezo wa kulalamika. Amechagua kinu kwa sababu kinu kinatoa chakula lakini hakina kinywa cha kula." Huyo muhula uliopita alikuwa wa kupamba lugha.

Na Kijana wa Dirishani. Sikumwagiza. Jumatatu aliniachia karatasi mezani, hakusema kitu. Anasema ni mchi unajibu:

*Kinu unalalamika, nami nauliza hili:*
*Mikononi nashikika, nachubuka kichwa kweli,*
*Wewe chini wapumzika, mimi nasimama mbali,*
*Wote tunaotumika, nani ameonja wali?*

---

#17 Kalamu Nyekundu

Mshororo wa mwisho. Basi, leo sina neno.

---

#18 Mzee wa Pangani

Mimi ninalo. "Kichwa kweli", hiyo "kweli" imekuja kujaza kibaba, ameirithi kwa mwalimu wake. Na mshororo wa tatu, ukwapi, mizani imezidi moja. Wa-pu-m-zi-ka. Tisa.

Lakini mtoto amejibu shairi kwa shairi, tena kwa kina kile kile cha kati. Nani kamfundisha malumbano?

---

#19 Mwalimu Chaki

Hakuna, Mzee. Hata neno malumbano sijafika.

Hiyo ya tisa ameijua mwenyewe. Walipoupiga kwenye dawati michi iligongana pale pale kwenye "wapumzika". Nikamwambia arekebishe. Amekataa. Anasema mchi umechoka, na kwenye neno la kupumzika ndipo ulipochelewa kunyanyuka, kwa hiyo aliiacha makusudi.

---

#20 Mzee wa Pangani

Uongo huo. Alikwama, kama wewe.

Mwambie simkubalii, na aniletee ubeti wa pili.